Mfuko wa Uzazi: Kutoka Quba hadi Nakivale na Mbarara



Sifa zote njema anastahiki Allah (Subhaanahu wa Ta'ala), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), ahli zake na Swahaba zake.

Ndugu Waislamu, mama anayetoka Nakivale kwenda kujifungua Mbarara huondoka na mfuko. Ukiufungua utakuta vitu vya aina mbili. Kwanza ni vile vilivyoagizwa na wakunga: kavera ya kutandika kitandani, glavu, wembe mpya, pamba, uzi wa kufungia kitovu, sabuni. Pili ni vile alivyochagua mwenyewe: leso mbili tatu, chupa ya chai, beseni, blanketi, na tende kidogo zikipatikana. Fedha zikipungua, ni hii sehemu ya pili inayobaki nyumbani. Tunataka kueleza ilikuwaje mpaka ikawa hivyo.

Nakivale ilifunguliwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, wakati Watutsi waliokimbia Rwanda kuanzia 1959 wakizidi kuingia. Baada yao wakaja Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengineo. Leo eneo hilo liko wilaya ya Isingiro, ambayo mpaka mwaka 2005 ilikuwa sehemu ya wilaya ya Mbarara. Akina mama wengi huzalia katika vituo vya afya vya humo humo. Uzazi ukiwa mgumu, mama hupelekwa hospitali kubwa ya rufaa ya Mbarara mjini, ambako pia husomea wanafunzi wa udaktari wa chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 1989. Basi mtu aliyekwisha kuhama nchi anahama tena, safari hii akiwa na uchungu, kwenda kwa wakunga asiowajua na lugha ya Kinyankore asiyoielewa.

Sehemu ya kwanza ya mfuko wake ina historia ya karibuni. Mwaka 1987 ulifanyika mkutano Nairobi kuhusu uzazi salama, na katika miaka ya 1990 Uganda ikaanza kufunga vifaa vya kuzalia ndani ya pakiti moja iliyoitwa Mama Kit. Makusudio yalikuwa mema. Wembe mchafu na uzi mchafu huleta pepopunda kwa mtoto mchanga, na kwa usafi huo pamoja na chanjo kwa akina mama, mwaka 2011 Uganda ilithibitishwa kuwa pepopunda ya uzazi si tatizo la afya ya umma tena. Alhamdulillah.

Lakini Machi 2001 serikali ilifuta malipo katika hospitali zake, isipokuwa kwenye wodi za kulipia. Wagonjwa wakafurika, vifaa havikutosha, na kile kilichobuniwa kuwa msaada mara nyingi kikageuka sharti: njoo nacho mwenyewe. Mwaka 2011 watetezi wa haki za afya walipeleka kesi Mahakama ya Katiba kufuatia vifo vya akina mama wawili waliokosa huduma wakati wa uzazi, Sylvia Nalubowa (2009) na Jennifer Anguko (2010). Kesi ilitupwa 2012, Mahakama ya Juu ikairudisha 2015, na tarehe 19 Agosti 2020 ikaamuliwa kwamba serikali kushindwa kutoa huduma za msingi za uzazi ni kuvunja Katiba. Kwa maoni yetu kila baba anapaswa kuijua hukumu hiyo, ingawa kujua haki hakumnunulii mkewe glavu saa nane za usiku.

Sasa tuje kwenye sehemu ya pili, ambayo ni kongwe zaidi. Mnamkumbuka Asmaa bint Abi Bakr (Radhiya Allaahu 'anhaa). Mwaka 622 Mtume na Abu Bakr walipojiandaa kutoka Makka, yeye ndiye aliyewatayarishia masurufu. Alipokosa kamba ya kufungia chakula na kiriba cha maji aliuchana mshipi wake mara mbili, akaitwa Dhaatun-Nitwaaqayn, mwenye mishipi miwili. Baadaye naye akahama, mimba ikiwa imetimia, na akajifungulia Quba, nje kidogo ya mji wa Madina. Mtoto alikuwa Abdullah bin Zubayr, wa kwanza kuzaliwa kwa Muhajirina baada ya Hijra. Imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba Mtume aliitisha tende, akaitafuna, akaitia kinywani mwa mtoto na kumuombea baraka. Mkimbizi, mtoto wa mkimbizi, na tende: watu wa Nakivale hawahitaji tafsiri ndefu hapo.

Kabla yake ni Bibi Maryam ('alayhas-salaam). Wanafunzi wetu wanaoihifadhi Surat Maryam wanajua kwamba alipoelemewa na uchungu chini ya mtende alipewa maneno ya kumtuliza, maji na tende mbivu. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba mama mwenye uchungu awe na mtu wake amtakaye karibu, na asiye na hatari maalumu aruhusiwe kula na kunywa. Subhaanallah!

Na leso je? Ilianza pwani yetu karne ya 19, na jina lake limetokana na neno la Kireno la kitambaa cha mkononi, maana vitambaa hivyo vilishonwa pamoja kufanya nguo moja. Waganda nao wakaichukua kwa jina hilo hilo. Wodini leso ni shuka, ni stara mbele ya macho ya watu, ni nepi, na ni mbeleko ya kurudia nyumbani. Wanaume wengi tunaihesabu kuwa pambo.

Mfuko na ufungwe mwezi wa 8, sehemu zote mbili, ukae karibu na mlango. Kadi ya kliniki, karatasi ya ukimbizi na namba ya simu ya jamaa viwekwe juu kabisa. Tende na maji ziliwe kwa idhini ya mkunga, kwani anayeandaliwa upasuaji huzuiwa kula. Atakayefuatana naye ajulikane mapema, awe mwenye kujua Kinyankore au Luganda kidogo, na awe na mkeka wake, kwa sababu yeye atalala chini.