Historia ya Umeme wa Jua katika Maghala Yetu

Wanachama wenzetu, tunapoadhimisha miaka kumi ya Chama chetu Kikuu, yafaa tukumbuke jinsi taa zilivyofika katika maghala yetu, na jinsi gharama yake ilivyopunguzwa.

Asili ya jambo hili ni ya mbali. Mwaka 1954 wataalamu wa Bell Laboratories, huko Marekani, walionyesha hadharani chombo cha silikoni kigeuzacho mwanga wa jua kuwa umeme. Kilikuwa ghali mno. Hata mwaka 1977 bei ya paneli ilikuwa bado juu sana. Sisi tulipoanza, bei ilikwisha shuka chini ya dola moja, tukadhani kazi imekwisha.

Hesabu za mwaka wa kwanza zilitufumbua macho. Paneli zilikuwa rahisi. Kuzipandisha juu ya paa ndiko kulikotugharimu. Kila chama cha msingi kilimwita fundi wake kutoka mjini, kikamlipia nauli na malazi. Kila paa lilichomelewa fremu yake, nzito na ya kuinuka sana, kana kwamba tunaishi nchi za kaskazini ambako jua hupita chini. Katika ghala moja skrubu zilipigwa kwenye mabonde ya bati. Masika ilipofika, maji yaliingia yakaharibu magunia ya kahawa. Hasara ile ilikuwa ya wakulima, na lawama ilikuwa yetu, kwa kuwa hatukuikagua kazi.

Ndipo Halmashauri ilipokata shauri. Tulinunua vyuma vya kipimo kimoja kwa vyama vyote. Tukapanga maghala ya njia moja yamalizwe kwa safari moja. Tukawapeleka vijana wetu kujifunza ufundi. Hapa kwetu, karibu na ikweta, jua la mchana hupita utosini. Kwa hiyo paneli hulazwa juu ya bati kwa mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15 tu, mvua ipate kuziosha vumbi, na chini yake huachwa nafasi ya hewa, maana paneli yenye joto kali hupungukiwa na nguvu. Skrubu zenye mpira hupigwa kwenye mgongo wa bati mpaka ndani ya papi, baada ya kuhakikisha kwamba mbao hazikuliwa na mchwa.

Bei ya paneli ilishushwa na viwanda vya dunia. Gharama ya paa tumeishusha sisi wenyewe. Basi katika miaka kumi ijayo asiwepo mwenzetu atakayefunga paneli peke yake. Kidole kimoja hakivunji chawa.