Bendera Isiyokaa Peke Yake

Tarehe 9 Januari 2005, siku tatu kabla ya sherehe za Mapinduzi, Zanzibar ilipandisha tena bendera yake baada ya miaka 40 na ushei. Rais alikuwa Amani Abeid Karume, na Baraza la Wawakilishi lilikuwa limeshapitisha sheria ya bendera mwaka uliotangulia. Kwa watu wazima wa Unguja na Pemba rangi zake hazikuwa ngeni: bluu juu, nyeusi katikati, kijani chini, zilezile za Jamhuri ya Watu wa Zanzibar ya mwaka 1964. Jipya lilikuwa kwenye kona ya juu, upande wa mlingoti. Pale imewekwa bendera nzima ya Jamhuri ya Muungano.

Januari 2025 bendera hiyo ilitimiza miaka 20. Rangi zake zimeelezwa sana mashuleni, na maelezo yenyewe ni mafupi: bluu ni bahari, nyeusi ni watu, kijani ni ardhi na mimea yake. Kona ile ndiyo yenye mambo. Kwa zaidi ya karne moja bendera ya visiwa hivi haikupata kupepea peke yake kwa muda mrefu. Ama iligombea nafasi na bendera ya mwingine, ama iligawana nayo.

Ya kwanza ilikuwa kitambaa chekundu kitupu, bila nyota, bila maandishi. Ilikuja na Mabusaidi, ukoo wa masultani kutoka Oman. Mwaka 1840 merikebu ya Sultani Sayyid Said, iliyoitwa Sultana, iliingia nayo New York chini ya Ahmad bin Na'aman, shehena yake ikiwa karafuu, pembe za ndovu, kahawa na tende. Mwaka 1861 Waingereza walipoamua kwamba Zanzibar na Oman ziwe dola mbili, kila upande ulibaki na wekundu uleule. Oman iliendelea nao mpaka mwaka 1970.

Zama zile kazi kubwa ya bendera ilikuwa baharini. Ilimwambia mwenye manowari chombo hiki ni cha nani na nani ana haki ya kukipekua. Manahodha walilijua hilo vizuri, na wapo waliotafuta bendera ya Ufaransa kwa sababu Waingereza waliokuwa wakiwinda biashara ya watumwa hawakuruhusiwa kuvipekua vyombo vya Wafaransa. Desemba 1881, karibu na Pemba, Kapteni Brownrigg wa manowari ya Kiingereza iliyoitwa London alikisogelea chombo kimoja kilichopandisha bendera hiyo. Ndani mlikuwa na watumwa. Brownrigg aliuawa palepale kwenye mashua yake.

Nchi kavu ugomvi ulikuwa wa mlingoti. Mwaka 1888 Sultani Khalifa aliikodisha kampuni ya Wajerumani utawala wa pwani ya Mrima, kwa sharti kwamba kazi ifanyike kwa jina lake na chini ya bendera yake. Agosti mwaka huo, kule Pangani, mwakilishi wa kampuni, Emil von Zelewski, alitaka bendera ya kampuni ipandishwe, na ya Sultani isipepee tena nyumbani kwa liwali. Liwali akakataa. Askari wa majini wa Kijerumani wakashuka kutoka manowari na kuukata ule mlingoti wa liwali. Watu wa Pangani walikuwa na mengi ya kuwaudhi, kodi na dharau zikiwemo, lakini kukatwa kwa mlingoti kulionekana na kila mtu mchana kweupe. Vita vya Bushiri bin Salim, kiongozi wa upinzani wa pwani, vilianzia hapo, na Wajerumani walimnyonga Bushiri mjini humohumo Desemba 1889.

Miaka minane baada ya tukio la Pangani zamu ikafika Unguja. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25 Agosti 1896, na Khalid bin Barghash akaingia kasri bila idhini ya Waingereza. Wakampa muda: mpaka saa 3 asubuhi ya tarehe 27 awe ameshusha bendera na kutoka. Hakushusha. Saa 3 na dakika mbili mizinga ikaanza, na baada ya dakika 40 hivi bendera ilikuwa chini, mizinga ikanyamaza. Upande wa Khalid watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Vitabu vya rekodi hupenda kuviita vita vifupi kuliko vyote duniani, na watalii huchekeshwa navyo mpaka leo. Kwa idadi ile ya maiti na majeruhi, mimi sioni cha kuchekesha. Khalid mwenyewe alikimbilia ubalozi wa Wajerumani, kisha akapelekwa Dar es Salaam.

Mahali ambapo ile bendera nyekundu ilikaa kwa utulivu zaidi ni Mombasa. Kwa mkataba wa mwaka 1895 Waingereza waliukodi ukanda wa pwani ya Kenya, na Sultani akabaki mwenye ardhi kwa jina. Alama ya umiliki huo ilikuwa bendera yake juu ya Fort Jesus, ngome iliyojengwa na Wareno, ikatumiwa na Waingereza kuwa gereza. Serikali ya Kenya ya kikoloni iliendesha kila kitu chini yake. Oktoba 1963, London, Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, walikubaliana ukanda uwe sehemu ya Kenya, na bendera ikashuka.

Uhuru wa Zanzibar, tarehe 10 Desemba 1963, ulikuja na bendera mpya: ileile nyekundu, safari hii ikiwa na duara la kijani katikati, na ndani yake karafuu mbili za rangi ya manjano. Tarehe 16 Desemba Zanzibar na Kenya zilipokewa Umoja wa Mataifa siku moja. Nyekundu ikarudi New York, miaka 123 baada ya Sultana. Haikukaa. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaliiondoa ikiwa na umri wa siku 33.

Wanamapinduzi nao walianza na bendera ya nyeusi, manjano na bluu, wakaibadili kabla mwezi haujaisha. Iliyofuata ilichukua rangi za chama cha Afro-Shirazi Party: bluu, nyeusi, kijani, na ukanda mwembamba mweupe ukisimama kando ya mlingoti. Kisha ukaja Muungano na Tanganyika, tarehe 26 Aprili. Bendera ya Tanganyika ilikuwa kijani na nyeusi na mistari ya manjano, haina bluu hata tone. Bluu iliyomo kwenye bendera ya Tanzania ndiyo fungu la Zanzibar. Kwa hiyo mtu akiitazama vizuri bendera ya 2005 ataiona Zanzibar mara mbili: katika kitambaa chote, na tena ndani ya ile kona.

Adabu ya bendera ni ileile pande zote mbili za bahari. Hupandishwa saa 12 asubuhi, hushushwa saa 12 jioni. Ukipita karibu na kituo cha polisi wakati huo utasikia filimbi. Mpita njia husimama alipo, mwenye baiskeli hushuka, dereva husimamisha gari, na mgeni naye husimama akiwatazama wenziwe wanafanya nini. Haiachwi iguse ardhi, na ikichakaa au kuchanika hubadilishwa. Zanzibar ina jambo moja la ziada: kwenye shughuli rasmi bendera mbili, ya Zanzibar na ya Muungano, husimama ubavu kwa ubavu, kila moja na mlingoti wake. Alipofariki Ali Hassan Mwinyi, tarehe 29 Februari 2024, zilipepea nusu mlingoti kwa siku saba. Aliwahi kuwa rais wa Zanzibar, kisha wa Muungano. Bendera za vyama, zile za kwenye maskani na barazani, hazina adabu hiyo. Nyingine huachwa mpaka jua linazifuta rangi.

Nje ya nchi mambo ni magumu zaidi. Machi 2017 CAF, shirikisho la soka la Afrika, iliipa Zanzibar uanachama kamili, Julai ikaunyang'anya kwa hoja kwamba si nchi inayojitegemea. Desemba mwaka huohuo wachezaji wa timu yake, Zanzibar Heroes, walifika fainali ya Kombe la Chalenji pale Machakos, wakatoka sare ya 2–2 na Kenya, wakafungwa kwa penalti. CECAFA, waandaaji wa kombe hilo, inawapokea na bendera yao, FIFA haiwatambui.

Na baharini, ilikoanzia kazi ya bendera, ya Zanzibar haina nguvu. Zanzibar ina mamlaka yake ya usajili wa meli, lakini meli ya safari za kimataifa inayosajiliwa huko hupeperusha bendera ya Tanzania. Mwaka 2012 iligundulika kwamba meli 36 za mafuta za Iran, zikikwepa vikwazo, zilipata bendera ya Tanzania kupitia usajili wa Zanzibar, kwa mkono wa wakala aliyekuwa Dubai. Ilikuwa hila ileile ya manahodha wa 1881, kwa vyombo vikubwa zaidi. Marekani ililalamika, na usajili wa meli hizo ukafutwa. Wa kujieleza mbele ya dunia alikuwa Dar es Salaam, ingawa karatasi zilitoka Unguja.