Msumeno wa Mkono na Msumeno wa Mashine

Katika kuadhimisha miaka kumi ya Chama chetu, tumeona yafaa kuwakumbusha wanachama na viongozi habari za kale za mafundi wa mbao, kwani ndani yake mna funzo kwa kila mtu alaye kwa jasho lake.

Kabla ya mashine, mbao zilipasuliwa kwa nguvu za mikono. Gogo liliwekwa juu ya shimo. Mtu mmoja akasimama juu kuongoza msumeno, na mwenzake akauvuta kutoka chini, unga wa mbao ukimwagikia usoni. Hata katika misitu ya Usambara kazi hiyo imefanywa vivyo hivyo.

Huko Uingereza, mwaka 1767, tajiri Charles Dingley alijenga kinu cha upepo cha kupasulia mbao mahali paitwapo Limehouse, London. Mwezi Mei 1768 wapasuaji wapatao 500, wakihofia riziki yao, walikivamia wakakivunja. Mwenye kinu alilipwa fidia, na mwaka 1769 ikatungwa sheria kali juu ya wavunjao vinu. Hivyo kinu kilipata mlinzi, mpasuaji hakupata.

Miaka 40 baadaye, katika bandari ya Portsmouth, mambo yalizidi. Manowari za matanga zilihitaji kapi nyingi za mbao za kupitishia kamba. Marc Brunel alibuni mashine za kuzichonga, na Henry Maudslay akaziunda. Mashine 45, zikiendeshwa kwa mvuke, ziliwawezesha watu 10 wasio mafundi kutenda kazi ya mafundi 110. Mwaka 1808 zilitoa kapi 130,000.

Lakini tusisahau kwamba Maudslay mwenyewe alisifika kwa ustadi wa kutumia tupa. Mkono uliofunzwa ndio uliozaa mashine. Hata leo seremala hodari hupasua mbao kwa msumeno wa umeme, kisha hushika patasi na randa ili ulimi uingie katika tundu lake barabara.

Basi kosa halikuwa la mashine. Wale wapasuaji waliweza kuungana kwa kuvunja, wala hawakuwa na njia ya kuungana kwa kumiliki. Wakulima wa pamba wa Usukuma walifuata njia nyingine: vyama vyao vilipoungana mwaka 1955, havikukawia kupata vinu vyao wenyewe vya kuchambulia pamba, na faida ya kinu ikamrudia mkulima.

Kwa hiyo twawasihi wanachama: chombo kipya kijapo, tusikikimbie wala tusikiabudu. Tuulize kwanza ni cha nani. Fundi mmoja hawezi kununua mashine. Mafundi 20 wakichanga wanaweza. Na vijana wetu wafundishwe kwanza kunoa patasi, wapate kuitawala mashine, wasije wakawa watumwa wake.