Mfalme Asiye na Msalaba

Mtu akikuwekea mezani sanduku la zamani la sataranji lililotoka Urusi, usianze na mng'ao wa vanishi. Mshike mfalme umtazame kichwani. Katika seti za Kiingereza, ambazo ndizo zilizoenea duniani, mfalme huvaa msalaba. Katika nyingi za Kisovieti hana. Ana kinundu tu, na mara nyingi kinundu hicho ni cha rangi ya upande wa pili: mfalme mweusi ana ncha nyeupe, mweupe ana ncha nyeusi. Maelezo ya kawaida ni kwamba dola iliyoipiga vita dini haikutaka msalaba hata juu ya ubao wa mchezo.

Dola hiyo haikuuchukulia mchezo huu kama upuuzi. Mwaka 1920, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa havijaisha, mashindano ya nchi nzima yalifanyika Moscow, akashinda Alekhine (ambaye mwaka uliofuata alihama nchi). Kuanzia 1924 sataranji iliwekwa chini ya Nikolai Krylenko, mwendesha mashtaka wa serikali, aliyetaka ichezwe viwandani, vijijini na jeshini. Mwaka 1925 serikali iligharamia mashindano ya kimataifa ya wachezaji 21. Bogoljubov alitoka wa kwanza, Lasker wa pili, na Capablanca, bingwa wa dunia wa wakati huo, akawa wa tatu.

Watu wote hao walihitaji kete. Zikatengenezwa kwa wingi, nyingi kwa mti wa beryoza, ambao Urusi haiukosi. Kete hukerezwa kwa mashine, isipokuwa kichwa cha farasi, ambacho huchongwa kwa patasi na kisu. Kwa hiyo farasi ndiye anayekuambia kama fundi alikuwa na nafasi ya kufanya kazi yake au alikuwa anakimbizana na hesabu aliyopangiwa.

Na fundi huyo alikuwa nani? Baadhi ya karakana zilikuwa ndani ya makambi ya wafungwa. Seti ambazo wakusanyaji wa leo huziita za Mordovia zimepewa jina la jimbo hilo, kusini-mashariki ya Moscow, ambako wafungwa, wakiwemo wa kisiasa, walifanyizwa kazi za mbao. Krylenko huyohuyo ndiye aliyeendesha mashtaka katika kesi ya wahandisi wa Shakhty mwaka 1928. Miaka kumi baadaye, Julai 1938, naye alipigwa risasi, na ilipofika 1955 serikali ikasema hakuwa na hatia.

Ndiyo maana nina ugomvi na wale wanaonunua seti hizi, wakazipiga msasa mpaka mti mweupe, wakapaka vanishi mpya na kuziuza ghali. Chini ya sanduku mara nyingi hupigwa mhuri wa bei. Mwaka 1961 fedha ya Kisovieti ilibadilishwa, rubo kumi za zamani zikawa moja mpya, basi bei hiyo peke yake yaweza kukuonyesha sanduku ni la kabla au la baada ya mwaka huo. Msasa hauulizi. Unafuta mhuri, unafuta alama za kisu shingoni mwa farasi, unafuta weusi ulioachwa na vidole vya wachezaji.

Kitambaa chenye unyevu kidogo hutosha kuondoa uchafu. Ncha iliyolegea hurudishwa kwa gundi ya mbao. Kazi ngumu ni kete iliyopotea: ukiitoa kwenye seti nyingine itapishana milimita mbili tatu, na jicho litaiona. Afadhali kuichonga upya kwa mti uleule, kisha kuandika mwaka chini ya kitako chake, ili atakayelinunua sanduku baadaye ajue kete hiyo haikutoka Mordovia.