Shanta ya kamera: Usihesabu lenzi ukasahau shati la kubadilisha

Mpiga picha anayeondoka Nairobi alfajiri kwenda kupiga picha za harusi mjini Kisumu, alale huko na kurejea siku ya pili, hahitaji kamera pekee. Huhitaji pia shati la kubadilisha, mswaki, sweta, chaja ya simu, chupa ya maji na pengine kipakatalishi cha kuhifadhia picha usiku uo huo. Ajabu ni kwamba shanta nyingi zinazouzwa madukani kwa jina la shanta za kamera hazina nafasi ya vitu hivi. Zimejazwa sponji na vigawanyo kutoka juu hadi chini, kana kwamba mwenye kamera hali, halali wala haogi.

Aghalabu mnunuzi huishia kubeba mizigo miwili: shanta mgongoni na mkoba wa nguo mkononi. Katika kituo cha matatu kilichofurika watu, ni vigumu mtu mmoja kuilinda yote miwili. Wengine huamua kununua shanta kubwa kupindukia ili kila kitu kiingie, na hapo huzuka balaa jingine.

Mwandishi wa makala haya alilipa ili kulijua hilo. Mwaka 2018 nilisafiri usiku kwa basi, shanta yangu ikiwa kubwa mno kukaa miguuni. Utingo akashikilia kwamba lazima iingie kwenye buti, nami nikakubali shingo upande. Asubuhi niliikuta chini ya gunia la viazi. Pete ya fokasi ya lenzi yangu ndefu ilikuwa imekwama kabisa, na maharusi walikuwa wakinitarajia saa tatu. Kazi niliifanya kwa lenzi moja fupi, na sehemu ya malipo ikanibidi niirudishe.

Kwa hivyo, kipimo cha kwanza ni goti lako. Shanta inayofaa ni ile inayoweza kupakatwa au kusimama katikati ya miguu ndani ya matatu bila kumkera jirani. Watengenezaji hupima ukubwa kwa lita. Kwa safari ya kwenda na kurudi siku moja, lita 20 hadi 25 zinatosha. Kwa safari ya kulala usiku mmoja au miwili, tafuta ya takriban lita 30. Ikizidi 35, jua kwamba umejinunulia tikiti ya kwenda kwenye buti.

Kipimo cha pili ni mpangilio wa ndani, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Ninayoipendelea mimi ni shanta iliyogawika mara mbili: sehemu ya chini ya kamera na lenzi, na ya juu iliyo tupu kwa nguo na vitu vya kawaida, kila moja ikiwa na zipu yake. Mfukoni mwa nyuma kikae kipakatalishi. Sehemu ya kamera ni bora ifunguke upande unaogusa mgongo. Ukiwa umeivaa, hakuna mkono wa mtu utakaoifikia zipu hiyo kwenye msongamano. Na ukiilaza chini matopeni ili utoe lenzi, upande unaochafuka si ule utakaolalia shati lako.

Iwapo sehemu hiyo ya sponji ni kijisanduku kinachotolewa, hiyo ni neema zaidi. Wahudumu wa ndege wakikwambia shanta lazima iende chini pamoja na mizigo mingine, utakichomoa kijisanduku na kuingia nacho mkononi. Isitoshe, vijisanduku vya aina hii huuzwa pia peke yake. Asiye na pesa za shanta maalumu anaweza kujinunulia shanta imara ya kupandia milima kutoka kwa wauza mitumba wa Gikomba, akatumbukiza kijisanduku ndani na kupata kitu kile kile kwa bei nafuu. Tena shanta ya namna hiyo, ikiwa imechakaa kidogo na haina nembo ya kampuni ya kamera, haimwambii mwizi chochote.

Sasa tuje kwenye uzito. Kamera kubwa ya kitaalamu hukaribia kilo moja, lenzi ya milimita 70-200 yenye mwanya mpana huwa karibu kilo moja na nusu, na ile ya 24-70 takriban gramu 800. Ongeza kipakatalishi na chaja yake, lita moja ya maji ambayo ni kilo moja kamili, nguo za siku mbili, na shanta yenyewe ambayo ikiwa na sponji nene hufika kilo mbili. Tayari unakaribia kilo kumi. Ndege ndogo zinazoruka kutoka Wilson kwenda Maasai Mara kwa kawaida humruhusu abiria kilo 15 tu za mizigo, tena katika mikoba laini, si masanduku magumu. Mtu aliyenunua shanta ya kilo tatu na ushei amejipunguzia mwenyewe.

Betri za akiba za kamera haziruhusiwi katika mizigo inayokwenda chini ya ndege. Sharti ziwe nawe, ncha zake zimefunikwa. Basi hakikisha kuna mfuko mdogo wa karibu wa kuziwekea. Mfuko huo utakufaa hata katika stesheni ya treni ya Syokimau, ambako mizigo hunuswa na mbwa na kupitishwa kwenye mashine kabla ya abiria kuruhusiwa kuingia.

Maji na chakula visikae juu ya kamera hata kama nafasi ipo. Chupa ikae mfuko wa nje wa ubavuni, wima. Sambusa, ambazo hakuna karatasi iliyowahi kuzuia mafuta yake, zibebwe mkononi na kuliwa mapema.

Kuhusu mvua, zamani tulifunika kamera kwa mifuko ya plastiki ya dukani, lakini hiyo ilipigwa marufuku nchini Agosti 28, 2017. Chagua shanta iliyo na kifuniko chake cha mvua, kwa kuwa zipu zinazosemekana kuzuia maji hazistahimili masika. Kifuniko hicho hicho huzuia vumbi jekundu la Tsavo.

Pwani kuna adui mwingine: unyevu. Lenzi ikifungiwa siku nyingi ndani ya shanta yenye unyevu huota kuvu, na kuvu ikishauma kioo, kuisafisha hakurejeshi kila kitu. Weka ndani vipakiti vya kufyonza unyevu, kama vile vya masanduku ya viatu, na usirudishe kamwe taulo au nguo mbichi katika shanta yenye kamera.

Kabla ya kulipa, nenda dukani na vyombo vyako vyote, shati likiwamo. Vipakie, vaa shanta, ufunge mshipi wa kiunoni na upande ngazi mara mbili tatu. Mshipi ulio mzuri huhamishia uzito nyongani. Ulio wa mapambo huning'inia tu. Kisha fungua na kufunga zipu zote kwa mkono mmoja, shanta ikiwa imejaa. Zikianza kukwama siku za mbele kwa sababu ya chumvi ya bahari, zioshe kwa maji baridi, ziache zikauke, halafu uzisugue kwa kipande cha mshumaa.