Mwenye Shida Awepo Mezani

Ndugu msikilizaji, katika vyuo vikuu vyetu yako mashindano ambayo wanafunzi huyaita hakathoni. Vijana hujifungia ukumbini Ijumaa jioni, wakajigawa katika vikundi vya watu wanne au watano, na Jumapili hutoka na kitu walichokibuni: programu ya simu, kifaa cha kupimia maji, au chombo cha kumsaidia mgonjwa. Katika vikundi vilivyo bora, mwanafunzi wa udaktari hukaa na wa uhandisi, na wa kilimo hukaa na wa biashara. Majaji hupita, zawadi hutolewa, picha hupigwa. Mzazi anayelipa ada ana haki ya kuuliza: hii ni elimu, au ni mkesha wenye vyeti? Ili tulijibu swali hilo, leo nataka tuangalie jambo hili limetoka wapi.

Neno lenyewe limeungwa kutokana na maneno mawili. La kwanza ni neno la Kiingereza "hack", ambalo asili yake ni kukatakata kwa shoka au panga. La pili ni marathoni, mbio ndefu. Lilianza kutumika mwaka 1999. Mwezi Juni mwaka huo, watengenezaji wapatao kumi wa mfumo wa kompyuta uitwao OpenBSD walikutana Calgary, nchini Kanada, wakafanya kazi pamoja. Walikwenda Kanada kwa sababu ya sheria: Marekani ilikuwa imebana upelekaji nje wa programu za kuficha siri za mawasiliano. Mwezi huo huo kampuni ya Sun Microsystems, katika mkutano wake mjini San Francisco, iliwapa wageni wake changamoto ya kuandika programu za kompyuta ndogo ya mkononi, Palm V. Neno likashika. Mwaka 2009 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania wakaanzisha mashindano yao, PennApps, na vyuo vingine vikafuata.

Lakini jambo hili ni kongwe kuliko jina lake. Mwaka 1943, wakati wa Vita Kuu ya Pili, chuo cha MIT huko Marekani kilijenga haraka haraka jengo la mbao kwa ajili ya utafiti wa rada. Liliitwa Jengo namba 20, na lilikusudiwa kubomolewa vita vikiisha. Likasimama hadi mwaka 1998! Kwa kuwa lilionekana banda tu, aliyetaka kupitisha waya alitoboa ukuta bila kumwomba mtu ruhusa. Na kwa kuwa nafasi chuoni ilikuwa haba, walisukumwa humo watu wa kila fani: wanafizikia, wahandisi, wataalamu wa sauti, hata wanaisimu. Profesa Noam Chomsky alikuwa na ofisi yake humo.

Humo pia ndimo ilimokuwa klabu ya wanafunzi wapenzi wa treni za mfano, iliyoanzishwa mwaka 1946. Vijana hao walichukua vipuri vya mitambo ya simu wakaunda mfumo wa kuongoza treni zao. Kumbukumbu za kikao chao cha Aprili 1955 zinamtaka kila anaye-"hack" mfumo wa umeme azime swichi kwanza, asije akaunguza fyuzi. Kwao neno hilo lilikuwa na maana ya ufundi wa kijanja unaofanywa kwa mapenzi. Chuo kilipopata kompyuta ya PDP-1 mwaka 1961, baadhi ya vijana wa klabu hiyo waliihamia, na mwaka 1962 ukatokea mchezo wa Spacewar!, mmoja wa michezo ya kwanza ya kompyuta.

Tazama sasa, msikilizaji. Pale hapakuwa na majaji wala zawadi. Palikuwa na vifaa, muda, na jirani wa fani nyingine ng'ambo ya ukuta. Tena treni zilikuwa zao wenyewe. Zikikwama, waliokwama ni wao. Mwenye shida na mwenye ufundi alikuwa mtu yule yule. Tatizo linaanza pale fundi anapotaka kutatua shida ya mtu mwingine. Nimewahi kukaa katika mashindano ya namna hii ambapo vikundi kadhaa vilileta programu za wakulima, na ukumbi mzima haukuwa na mkulima hata mmoja. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Sasa linganisha na kisa hiki. Mwaka 2012, katika hakathoni ya mambo ya afya iliyofanyika eneo la Boston, Marekani, alikuwapo Dk. Santorino Data, daktari wa watoto kutoka Mbarara, Uganda. Hakuja na programu. Alikuja na shida. Mtoto mchanga asiyepumua akizaliwa, mkunga ana dakika moja tu ya kuanza kumsaidia kwa barakoa na mfuko wa kusukumia hewa. Lakini anapoubana mfuko ule, atajuaje kama hewa imefika mapafuni, au inavujia pembeni ya shavu? Akibana kidogo, mtoto hapati hewa; akibana mno, anaweza kumuumiza.

Aliyeungana naye alikuwa Kevin Cedrone, mwanafunzi wa uhandisi wa mitambo wa MIT ambaye utafiti wake ulihusu injini. Mtu wa injini anajua kupima hewa inayoingia na kutoka. Wakabuni kifaa kidogo kinachokaa kati ya mfuko na barakoa, kikapima pumzi zinazosukumwa na kumwambia mkunga papo hapo kama anakosea, na anakosea wapi. Mhandisi peke yake asingejua kwamba swali hilo lipo. Daktari peke yake asingeweza kulijibu.

Wala kazi haikuisha Jumapili. Miaka ilifuata ya kurekebisha na kujaribu kifaa kwa wahudumu wa afya, wakitumia mwanasesere wa mafunzo kwanza. Ukumbi ulitoa wazo. Uvumilivu ndio uliotoa kifaa.

Basi jibu langu kwa mzazi ni hili: ni elimu, kwa masharti. Wakuu wa vyuo, mnapoandaa hakathoni, mwalikeni mkunga, mvuvi, mama lishe na dereva wa daladala, nao wakae mezani tangu Ijumaa, si kupiga makofi Jumapili. Na sehemu ya fedha za zawadi iwekwe kwa ajili ya Jumatatu, kikundi kilichoshinda kipate chumba, vifaa na mwalimu wa kukisimamia. Vinginevyo tutabaki na fulana na vyeti ukutani, na mkunga ataendelea kubana mfuko wake kwa kubahatisha.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.