Mpini wa jembe: namna ya kuchagua unaokufaa

Waswahili husema aliyeshika mpini ndiye mwenye nguvu, na aliyeshika makali ndiye anayekatwa. Shambani mambo si hivyo kila mara. Aliyeshika mpini mbaya naye huumia: viganja hutoka malengelenge, mabega hukaza, na kiuno hukataa kunyooka jioni.

Mvua za vuli zinapokaribia, wakulima wa Lusahunga na vijiji vingine vya Biharamulo na Ngara hutengeneza majembe yao kwa ajili ya mahindi, maharage na mihogo. Jembe la dukani kwa kawaida huuzwa chuma peke yake, na mpini hutafutwa na mnunuzi mwenyewe. Wengi huchukua ule ulio karibu. Lakini fanya hesabu hii: mtu anayepiga jembe mara 20 kwa dakika, kwa saa nne, amepiga mara 4,800. Kasoro ndogo ya mpini hurudiwa mara zote hizo juu ya kiganja kilekile na mgongo uleule.

Makala haya yanaeleza namna ya kupata mpini mpya unaomfaa yule atakayeushika.

Jembe lako ni la aina gani?

Mkoa wa Kagera una historia ndefu ya chuma. Huko Katuruka, Bukoba, wanaakiolojia walifukua mabaki ya uyeyushaji wa chuma yenye umri wa zaidi ya miaka 2,000. Upande wa Biharamulo na Geita, Warongo walijulikana kwa kuyeyusha chuma na kufua majembe yaliyouzwa hadi Usukumani. Baadaye yakaja majembe ya viwandani, yakiwemo yale ya UFI ya Ubungo, Dar es Salaam, na ya Zana za Kilimo Mbeya.

Kutokana na historia hiyo, ziko namna mbili za kushikanisha chuma na mti. Jembe la mkia lina ncha ndefu inayopenya kwenye kichwa kinene cha mpini. Tundu lake hutobolewa kwa chuma cha moto, na kila pigo huzidi kuikaza ncha hiyo. Jembe la tundu lina pete ya chuma ambamo mpini hupitishwa. Mpini wa jembe hili huwa mnene upande wa kichwa na mwembamba upande wa mkono, ili chuma kinapovutwa kibane badala ya kuchomoka. Kabla ya kutafuta mti, jua kwanza jembe lako ni lipi. Mpini wa moja hautumiki kwa lingine.

Unene: pima kwa kiganja chako

Shika mpini kama unavyoushika ukiwa unalima. Ncha za vidole zikijikunja hadi kuchoma kiganja, mpini ni mwembamba, na utalazimika kuubana kwa nguvu siku nzima. Kidole gumba kikibaki mbali na kidole cha shahada, mpini ni mnene, na mkono utachoka upesi. Unaofaa ni ule ambao gumba linakigusa au kukilalia kidole cha shahada bila kulazimisha.

Kwa watu wazima wengi, hiyo ni kama sentimita 3.2 hadi 4 kukatiza katikati. Asiye na kipimo azungushe uzi kwenye mpini kisha aupime kwa rula: mzunguko wa sentimita 10 hadi 13 unatosha. Mwenye viganja vidogo achukue kipimo cha chini.

Umbo nalo lina maana. Mpini wa duara kamili huzunguka mkononi jembe linapogonga jiwe. Ulio na ubapa kidogo, mfano wa yai, hutulia, na mkulima hujua makali yameelekea wapi bila kutazama.

Urefu: pima kwa mwili na kazi

Simamisha mpini wima kando ya mguu. Kwa kulima, jaribu kwanza ule unaoishia kati ya kiuno na kifua. Kwa palizi nyepesi katikati ya mistari ya mahindi, mrefu zaidi humwezesha mtu kusimama karibu wima. Mfupi hufaa kwa kazi ndogo, kama kufukia mbegu, lakini si kwa kutwa nzima.

Suala hili limewahi kufika mahakamani. Katika jimbo la California, Marekani, vibarua wa mashambani, wengi wao wenye asili ya Meksiko, walilazimishwa kutumia jembe la mpini mfupi sana. Waajiri walidai kwamba ndilo lililofanya kazi kwa uangalifu. Vibarua walionyesha jinsi lilivyoharibu migongo yao, na mwaka 1975 jembe hilo lilipigwa marufuku huko.

Barani Afrika kikwazo mara nyingine ni maneno ya watu. Utafiti wa FAO na IFAD kuhusu zana za wakulima wanawake, uliochapishwa mwaka 1998 na uliohusisha nchi tano ikiwemo Uganda, ulionyesha kuwa mahali pengine kulima ukiwa umesimama wima huonekana ni uvivu. Mgongo haujui heshima hiyo. Ukiinama kutwa nzima, hulipa yeye.

Hapa ndipo kaya nyingi hukosea. Jembe moja huwekewa mpini wa kumfaa baba, kisha anayelima nalo siku nyingi ni mama au kijana wa shule. Kama majembe ni mawili, moja lipimwe kwa mama. Kama ni moja, lipimwe kwa anayelitumia zaidi.

Mti gani, na utoke wapi?

Mpini mzuri ni mgumu bila kuwa mzito, na hunepa kidogo bila kuvunjika. Mpera na mkole husifiwa kwa sifa hizo. Mkaratusi ni mgumu na hupatikana kirahisi, ila hupasuka ukikaushwa juani haraka. Msonobari ni laini mno kwa kazi ya jembe. Epuka miti yenye utomvu mweupe unaowasha ngozi.

Tazama nyuzi za mti: zifuate urefu wa mpini kutoka kichwa hadi mwisho. Zikikatiza upande, hapo ndipo utakapovunjika. Kataa pia mti wenye kifundo karibu na kichwa, wenye ufa, au wenye vitundu vya wadudu.

Usiingie hifadhini kuutafuta. Mapori ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato mwaka 2019, na kukata mti humo ni kosa la jinai. Misitu ya hifadhi iliyo chini ya TFS nayo haivunwi bila kibali. Mipera michache mpakani mwa shamba itakupa mipini ya miaka mingi bila kesi.

Kutengeneza na kukaza

Kata mti kabla ya msimu, uuache ukauke kivulini kwa wiki kadhaa. Mpini mbichi husinyaa ukiwa tayari ndani ya jembe, na chuma huanza kucheza.

Ukishakauka, uchonge kwa panga au tezo, kisha uparuze kwa kipande cha chupa huku umevaa kitu cha kukinga mkono. Malizia kwa msasa. Neno hilo lenyewe ni jina la mti wenye majani ya kukwaruza, ambayo mafundi waliyatumia kabla ya karatasi za dukani. Pitisha kiganja chote taratibu: kibanzi utakachokihisi leo ndicho kitakachokuchoma kesho. Paka mafuta kidogo na ufute yaliyozidi. Usipake vanishi, kwa kuwa huteleza kwa jasho.

Jembe likicheza, wengi hulitumbukiza kwenye maji. Mti huvimba na kubana, lakini ukikauka hulegea tena, mara nyingine kuliko mwanzo. Dawa ya kudumu ni kabari ya mti mkavu mgumu, au kipande cha mpira wa tairi kilichobanwa kati ya mti na chuma. Usilime na jembe linalocheza palipo na watu, kwani chuma kikichomoka hujeruhi.

Lengelenge likitoka, usilipasue. Lifunike na upumzishe mkono. Ukichomwa na kibanzi au kukatwa na chuma chenye udongo, osha kwa maji safi na sabuni, kisha nenda zahanati ukaulizie chanjo ya pepopunda.

Kabla ya kuridhika, mpe jembe yule atakayelitumia. Apige mara hamsini kwenye udongo halisi, kisha afungue viganja. Penye wekundu mahali pamoja, hapo mpini bado unahitaji kuchongwa. Rudia mpaka jembe lisahaulike mkononi na kilichobaki mawazoni kiwe shamba.